«Hata Mimi Naweza»: Hukumu ya Mwanafunzi wa Kitui na Makueni Mbele ya Sanaa ya Kisasa

Miongoni mwa masuala ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuwaachia wengine ni lile la mwanafunzi anayesimamishwa mbele ya kazi ya sanaa ya kisasa na kuulizwa anaona nini. Huchukuliwa kuwa ni suala la walimu wa uchoraji, au la wasimamizi wa majumba ya sanaa, au la wafadhili wanaogharimia ziara za shule. Makala haya yanashikilia kwamba ni suala la uhakiki hasa, na kwa sababu hiyo ni suala la maadili. Anayeulizwa swali hilo anaombwa atoe hukumu. Mara nyingi anayeuliza hana nia ya kuipokea.

Mjadala umejikita katika Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani. Sababu za kuzichagua ni mbili, nazo zinavutana. Ya kwanza ni umbali. Mji wa Kitui uko takribani kilomita 170 kutoka Nairobi, na shule za Mutomo au za Kibwezi ziko mbali zaidi, ilhali historia ya majumba ya sanaa ya kisasa nchini Kenya ni historia ya Nairobi karibu yote. Paa ya Paa, iliyoongozwa na Elimo Njau, ilianza mwaka 1965. Gallery Watatu ikafuata mwaka 1968. Kuona Trust ilianzishwa mwaka 1995 katika Makumbusho ya Kitaifa. RaMoMA ilifunguliwa mwaka 2001 na kufungwa yapata muongo mmoja baadaye. Na taasisi ya NCAI, iliyoasisiwa na mchoraji Michael Armitage, ilifungua kumbi zake mwaka 2022. Baadhi ya taasisi hizi zimewakaribisha watoto wa shule kwa bidii ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, anayekaribishika kwa urahisi ni mtoto awezaye kufika kwa matatu moja.

Sababu ya pili ni kwamba mtoto wa Kitui au Makueni hukua akiona mikono ikiunda vitu. Huona viondo vikisukwa huku wanawake wakitembea au wakisubiri zamu kisimani. Huona vibuyu vilivyochorwa kwa ncha ya chuma cha moto, na vigoda vilivyopambwa kwa waya katika nyumba za wazee. Yeye mwenyewe amekwisha kuunda gari la waya na kulisukuma kwenye vumbi. Hafiki mbele ya kazi ya sanaa akiwa gunia tupu linalongoja kujazwa. Anafika na vigezo vyake, tena vya mtu anayejua kitu kinavyotengenezwa. Swali linaloulizwa hapa ni hili: je, jumba la sanaa lina haki gani ya kumfundisha aviache?

Ziara ya masomo, kama inavyofanyika katika shule nyingi za mashambani, ina desturi zake. Basi huondoka alfajiri. Ratiba huwa imejazwa Makumbusho ya Kitaifa na nyoka wake, uwanja wa ndege, Bunge, pengine Bomas of Kenya kwa ajili ya ngoma. Sanaa ya kisasa, ikiwa imo, hupewa saa moja baina ya nyoka na chakula cha mchana. Wanafunzi huingia kwa mstari, sare zimenyooshwa, daftari mkononi. Jambo la kwanza wanaloambiwa ni wasiguse. La pili ni wanyamaze. La tatu, kutoka kwa mwelekezi mwenye nia njema, ni kwamba wajisikie huru kusema lolote.

Amri hizi tatu haziwezi kukaa pamoja, na mtoto hulitambua hilo upesi kuliko walimu wake. Katika utamaduni wa msusi, kiondo hujulikana kwa vidole kabla ya kujulikana kwa macho: ubora wake umo katika ukaza wa uzi, na ukaza wa uzi hauonekani kwa mbali. Kumwambia mtoto wa msusi asiguse ni kumwomba ahakiki huku amenyang'anywa chombo chake cha uhakiki. Ni kweli kwamba vitu vingi vingeharibika kwa kuguswa na watoto mia moja kwa siku. Hakuna anayedai vinginevyo. Lakini kinachohifadhi karatasi na rangi kisigeuzwe kuwa kanuni ya ujumi, kana kwamba jicho pekee ndilo lenye heshima ya kujua uzuri. Neno lenyewe la Kiswahili haliungi mkono mgawanyo huo. «Sanaa» ina asili yake katika neno la Kiarabu linalohusu kuunda na kazi ya mikono, na kwa karne nyingi halikutenga msanii na fundi. (Asili ya neno haithibitishi jambo kubwa, na wahakiki wetu wamewahi kuitegemea mno, hapa inatosha kuonyesha kwamba mgawanyo wa sanaa na ufundi umeletwa na taasisi, haukutoka katika lugha.)

Sasa chukuliwe mfano wa kazi ambayo mwanafunzi anaweza kukutana nayo. Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1984, amejulikana ulimwenguni kwa miwani mikubwa anayoiunda kwa nyaya, vyuma na vitu vilivyotupwa mjini. Mwanafunzi wa Kathonzweni akiitazama miwani hiyo, au picha yake tu, kuna sentensi moja ambayo ni ya kawaida mno kinywani mwa mtoto wa umri wake: hata mimi naweza. Wenzake watacheka. Mwalimu atamkazia macho. Na mwelekezi, akiwa amefunzwa vyema, atatabasamu na kusema kwamba hilo ni jibu zuri, kisha ageukie mkono mwingine ulioinuliwa.

Sentensi hiyo inastahili kusomwa kama inavyosomwa matini yoyote yenye tabaka zaidi ya moja. Inaweza kuwa dharau: kitu hiki hakina thamani, kwa kuwa hakikuhitaji ujuzi usiopatikana kijijini. Inaweza kuwa dai la undugu wa mikono: aliyeunda hii na mimi tunafahamu waya kwa namna moja. Na inaweza kuwa swali ambalo halijapata sura ya swali: ikiwa yeye naye ameokota vilivyotupwa akaviunda, kwa nini chake kimewekwa kwenye ukuta mweupe chini ya taa, na gari langu likaachwa kunyeshewa nyuma ya jiko?

Tabaka hili la tatu ndilo lililowashughulisha wanafalsafa wa ujumi wa nusu ya pili ya karne ya 20. Arthur Danto alianza safari yake mwaka 1964 kwa kushangazwa na masanduku ya Andy Warhol, yaliyofanana na masanduku ya sabuni ya madukani, akajiuliza ni nini kinachoyatenga na yale ya dukani kama si macho. Jibu lake lilihusu nadharia na historia inayokizunguka kitu, yaani ulimwengu wa sanaa. Mtoto wa Kathonzweni hajamsoma Danto. Amelifikia swali lake kwa njia fupi zaidi, kwa kuwa yeye ana sanduku lake mwenyewe nyumbani.

Namna mbili za kumnyamazisha zimekwisha kutajwa, na inafaa zitofautishwe. Mwalimu anayemwambia kwamba haelewi humnyamazisha waziwazi. Huo ni ukali wa kizamani, na mtoto anajua kujikinga nao. Mwelekezi anayesema kwamba kila jibu ni sahihi anafanya jambo la hatari zaidi kimaadili. Majibu yote yakiwa sahihi, hakuna hata moja lililosikilizwa. Hukumu huheshimiwa kwa kupingwa, au kwa kuombwa sababu, au kwa kukubaliwa kiasi kwamba mwenye nyumba anaona haya. Mwelekezi aliyemheshimu mtoto huyo angemjibu: naam, unaweza, gari lako uliliunda liende wapi? Hapo pangezuka mazungumzo. Gari la waya liliundwa likimbie, na likishindwa kukimbia ni bovu. Miwani ya Kabiru haikuundwa imsaidie mtu kuona njia. Kwa hiyo ubovu wake, ikiwa ni mbovu, utafutwe kwingine. Mtoto anaweza kuhitimisha kwamba kitu kisicho na kazi si chochote. Anaweza pia kuanza kushuku kwamba gari lake nalo lilikuwa na jambo zaidi ya kukimbia, maana hakuna aliyemwagiza alipambe kwa vifuniko vya chupa. Katika hali zote mbili amehakiki.

Jambo hili si geni katika taaluma ya Kiswahili, na hapa ndipo wahakiki wa fasihi wanapokosa udhuru wa kukaa kando. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake Kichomi mwaka 1974, na wenzake wa rika lake walipoendelea kutunga bila vina na mizani, upinzani mkubwa uliowakabili ulikuwa na kiini hiki hiki: utungo usio na sheria unaweza kutungwa na yeyote, kwa hiyo si ushairi. Wanamapokeo walikuwa wanasema, kwa ufasaha wa watu wazima waliobobea, hata mimi naweza. Hawakuambiwa kwamba hawaelewi. Hawakuambiwa vilevile kwamba kila maoni ni sahihi. Walipewa kurasa, wakajibiwa, wakajibu, na mgogoro ukadumu miaka mingi. Waliotunga mashairi huru walilazimika kueleza mdundo wao umo wapi ikiwa haumo katika mizani, na uhakiki wa ushairi wa Kiswahili ulikomaa kwa sababu ya ulazima huo. Ni vigumu kuona kwa msingi gani haki waliyopewa wazee wa ushairi inyimwe mwanafunzi wa darasa la saba. Umri wake ni hoja dhidi ya ujuzi wake, si dhidi ya stahiki yake ya kujibiwa.

Kizuizi kingine kinatoka mahali pasipotarajiwa, yaani katika heshima inayodaiwa kutolewa kwa utamaduni wa mtoto. Mipango mingi ya kuwafikia wanafunzi wa mashambani hupenda kuanza na «sanaa ya jadi ya Wakamba», na kielelezo kinachoshikwa kwanza ni kinyago cha mbao: twiga, swala, au Mmasai mwenye mkuki. Kisha mtoto huvushwa kutoka kwa jadi hiyo hadi kwa sanaa ya kisasa, kama avushwaye mto. Tatizo ni kwamba mto wenyewe haupo. Simulizi inayorudiwa na watafiti wa uchongaji huo humtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, kijiji kilicho kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona kazi za wachongaji wa huko, na aliporejea akaanza kuchonga ili auze. Wengine walijifunza kwake, na baada ya miongo michache uchongaji ukawa riziki ya maelfu. Chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilichoanzishwa Mombasa mwaka 1963 kilitokana na mtawanyiko huo.

Maana ya historia hii ni nzito kwa mada inayojadiliwa. Twiga wa mbao hana umri mkubwa. Alibuniwa na mtu aliyevuka mpaka, akaiga mbinu za jirani, akabadilisha maudhui ili yamfae mnunuzi mgeni. Kwa kila kigezo cha maana, Munge alikuwa msanii wa kisasa wa siku zake. Viondo navyo havikusimama mahali pamoja: nyuzi za maganda ya mbuyu zilitangulia, mkonge ukaja na mashamba ya wakoloni, nyuzi za viwandani zikafuata, na kila badiliko lilileta rangi na michoro ambayo haikuwezekana kabla yake. Mtoto anayefundishwa kwamba kwao ni jadi na Nairobi ni usasa anafundishwa uongo kuhusu pande zote mbili. Ananyang'anywa pia hoja ambayo ingemsaidia zaidi mbele ya kazi ngeni, kwamba watu wake wamekuwa wakivumbua vitu vigeni, wakivipima, wakivikubali au kuvitupa kwa muda mrefu.

Isisahaulike hata hivyo kwamba historia ya twiga ina upande mchungu, na elimu ya sanaa isiyoutaja haimtendei mtoto haki. Soko lilipenda twiga wa kufanana. Mchongaji hodari alichonga yuleyule mara elfu. Elimo Njau alisimama imara dhidi ya unakilishaji, akiuona kuwa ni kifo cha ubunifu, na msimamo wake ulilea wasanii wengi wa Nairobi. Ni msimamo wenye nguvu. Lakini karo za watoto wengi wa Ukambani zimelipwa kwa twiga walionakiliwa, na mtoto ambaye babake huchonga anaposikia kwamba kunakili ni aibu ya msanii, anasikia jambo kuhusu babake. Mwelekezi asiyejua hilo atamjeruhi bila kukusudia. Suluhisho si kumficha mtoto hoja ya Njau. Anapaswa kuipata kikamilifu, pamoja na bei ya mkate, na aachwe azipime mwenyewe. Huenda akaona kwamba yule mnunuzi aliyetaka twiga wa kufanana ana sehemu katika aibu hiyo, ikiwa ni aibu.

Msanii anayefaa zaidi kuwa daraja katika mjadala huu ni Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa Mwingi mwaka 1947. Mbuno alifanya kazi ya upishi katika safari za watalii kabla ya kujulikana kwa michoro yake ya wino na kalamu za rangi: watu na wanyama wenye viungo vilivyorefushwa, katika mandhari ya mwindo na ya pori, wakikabiliana kama watu waliokutana njiani na wasiojua bado kama watasalimiana. Kazi zake zilipitia Gallery Watatu, zikaingia katika mkusanyo wa Jean Pigozzi wenye makao yake Geneva, na zimeonyeshwa Ulaya. Huu ndio mfano ulio wazi wa dhuluma ambayo mipango ya elimu ya sanaa haijaikabili. Mtu wa Geneva anaweza kukua akiifahamu Mwingi ya Mbuno. Mtoto wa Mwingi, kwa kawaida, hajawahi kuona hata nakala yake kitabuni.

Inavutia kufikiri mtoto huyo angesema nini mbele ya mchoro wa Mbuno. Pengine angesema kwamba fisi hana shingo namna hiyo. Ingekuwa hukumu halali, yenye msingi wa ujuzi kuliko alio nao mtazamaji wa Ulaya anayesifu «ndoto» za msanii, na ingehitaji jibu halisi kuhusu kwa nini mchoraji aliyewajua wanyama kwa karibu alichagua kuwarefusha. Sifa za Ulaya kwa wasanii wasiosomea sanaa zina harufu ya kupenda kutokujua kwao. Msomaji wa Mwingi hawezi kumpenda Mbuno kwa sababu hiyo. Itambidi atafute nyingine, au asimpende.

Haki ya kuhukumu haikuanza kukosekana leo. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa ameishi Kenya miongoni mwa Wakamba kabla ya kuhamia Uganda, na huko Ukambani alianza kupendezwa na kazi za mikono za Kiafrika. Alitaka wanafunzi wake wachore kutokana na maisha na ngano zao, wasilishwe mifano ya Ulaya mapema. Ilikuwa hatua ya ukarimu kuliko yote yaliyofanywa na wakoloni wenzake. Walakini uamuzi wa lililo la Kiafrika na lisilo la Kiafrika ulibaki mikononi mwa mwalimu. Mwanafunzi alihimizwa kuunda, na hakuhimizwa kuamua. Nusu karne baadaye, Elsbeth Court alichunguza michoro ya watoto wa shule za mashambani wa Kikamba, Kiluo na Kisamburu, akachapisha matokeo mwaka 1989. Umuhimu wa utafiti wake kwa hoja iliyopo ni kwamba uliuchukulia mchoro wa mtoto kuwa tokeo la utamaduni na mafunzo aliyoyapata, badala ya kuupima kwa ngazi moja ya ukuaji iliyotungwa kwingine. Kilichobaki kufanywa ni kumpa mtoto huyo nafasi ya mtazamaji pia. Kuchora alikwisha kuchora.

Kuna pingamizi ambalo makala ya aina hii huwa yanalipita kwa haraka, nalo ndilo zito kuliko yote. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika sehemu kame za Kenya, Ukambani ikiwamo. Mzazi wa Ikutha anayeombwa mchango wa basi la kwenda kutazama miwani isiyovalika ana haki ya kuuliza kama shule ina akili timamu. Jibu linalotolewa siku hizi, kwamba sanaa ni ajira na uchumi, halifai. Wasanii wengi ni maskini, na mzazi anajua. Anayemwahidi ajira kwa njia ya ziara ya saa moja anamdanganya ili apate mchango wake.

Jibu la kweli ni dogo zaidi na halimalizi pingamizi. Jicho la mtoto huyo linafundishwa tayari, apende asipende. Kuta za maduka ya Wote na Mwingi zimepakwa rangi za kampuni za simu na sabuni. Mabango ya wanasiasa yamebandikwa kwenye miti. Kalenda na simu vimejaa picha zilizotengenezwa na watu wanaojua hasa wanachotaka mtazamaji akitamani. Elimu hiyo hutolewa bure, kila siku, na haiulizi mtoto anaona nini. Mahali ambapo mtoto anaweza kutazama picha kwa muda mrefu, akaikataa, na akatoa sababu, ni mahali pa nadra. Hilo linatosha kufanya mpango wa elimu ya sanaa uwe wajibu. Halitoshi kuhalalisha basi.

Likifuatiwa hadi mwisho, jibu hilo linageuza mwelekeo wa safari. Gari moja lenye michoro kumi linaweza kuzungukia shule kumi kwa gharama ambayo mabasi kumi hayawezi kushindana nayo, na mzazi, mchongaji na msusi wakaingia ukumbini jioni bila kulipa. Zipo shida za vumbi, bima na ulinzi, na nakala bora zitalazimika kushika mahali pa baadhi ya kazi halisi. Kuna faida ambayo haihesabiki kwa fedha: kazi iliyowekwa katika ukumbi wa shule ya Kitui ndiyo iliyo ugenini. Mtoto yuko kwao, na mtu aliye kwao husema hapana kwa sauti nyingine.

Atakayelipia gari hilo ni kitendawili cha kiserikali. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Shule za msingi na za upili zimebaki chini ya serikali ya kitaifa. Mwanafunzi anayetazama mchoro amesimama katikati kabisa ya mstari huo. Akitazama ni wa kaunti, akiandika insha kuhusu alichokitazama ni wa taifa. Hakuna kifungu kinachoyakataza mamlaka haya mawili yasishirikiane, lakini kila upande una sababu ya kisheria ya kungoja mwenzake aanze.

Upande wa taifa umefanya jambo lisilobezwa. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, sanaa na ufundi zilikuwa na nafasi katika mtihani wa darasa la nane hadi zilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kisichotahiniwa kikaacha kufundishwa. Mtaala wa umilisi, uliotangazwa kote nchini mwaka 2019, umezirudisha sanaa za ubunifu darasani na kuzipa njia yake katika shule ya juu. Mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Ni fursa ambayo walimu wa kizazi kilichopita hawakuwa nayo. Ni fursa pia ya kuzaa upya ugonjwa unaojulikana vyema na kila anayefundisha fasihi: mwongozo. Riwaya teule huzaa mwongozo, mwongozo huorodhesha dhamira, mwanafunzi hukariri orodha na kuiacha riwaya dukani. Mchoro nao waweza kupata mwongozo wake. Kibandiko kilichoko ukutani kando ya kazi, chenye jina, mwaka na sentensi mbili za maana, tayari ni mwongozo mfupi, na yeyote aliyewahi kuwatazama wanafunzi wakiingia katika jumba la maonyesho ameona daftari zikifunguliwa kuelekea kibandiko kabla ya macho kuinuliwa.

Upimaji katika mtaala huo hutumia viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Matarajio hayo ni ya mtaala. Mwanafunzi wa Kathonzweni aliyetazama miwani kwa dakika ishirini, akailinganisha na gari lake la waya, akaandika kwamba aliyeiunda ana mikono hodari ila ameitumia kwa kitu ambacho kijijini kingetupwa, na kwamba yeye angeyatumia vyuma hivyo vingine, ametimiza kila kitu ambacho uhakiki umewahi kudai. Mwalimu wake ana kalamu mkononi na visanduku vinne mbele yake. Lengo la somo, kama lilivyoandikwa katika daftari lake la maandalizi, lilikuwa mwanafunzi athamini kazi za wasanii wa Kenya.